Mgombea Akisifu Ufundi, Tumwulize Karakana Iko Wapi

Msimu wa kampeni unapowadia, hata vijiji vilivyosahaulika hukumbukwa. Ozi, kijiji cha Wapokomo kilicho kando ya Mto Tana, karibu na pale mto huo unapomwaga maji yake baharini huko Kipini, ni kimojawapo cha vijiji hivyo. Wageni ambao kwa miaka minne hawakuijua njia ya kufikia huko, mwaka wa tano huijua vyema. Na miongoni mwa ahadi wanazozishusha hapo, pamoja na barabara, maji na zahanati, siku hizi haikosekani ahadi ya elimu ya ufundi. Vijana huambiwa kwamba shahada si kila kitu, kwamba nchi inahitaji mafundi, na kwamba chuo kitajengwa. Makofi hupigwa, nyimbo huimbwa, na msafara huondoka.

Sina nia ya kuikejeli ahadi hiyo. Kwa hakika naiona kuwa ni mojawapo ya ahadi bora ambazo mwanasiasa anaweza kuwatolea watu wa Tana Delta. Ila wahenga walinena kwamba ahadi ni deni, na mdai asiyejua kiasi cha deni lake hulipwa senti akashukuru. Kabla ya uchaguzi mkuu unaopangwa kufanyika mwaka 2027, yafaa sisi walimu, pamoja na wanafunzi wetu, tujue hasa ni deni gani tunalodai.

Kwanza tuukubali ukweli mmoja ambao wanasiasa hawausemi, nao ni kwamba watu wa Ozi hawahitaji kufundishwa kuupenda ufundi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuuunganisha Mto Tana na Mto Ozi, na hatimaye maji ya Tana yakaifuata njia hiyo mpaka Kipini. Kazi hiyo ilitendwa kwa mikono na majembe. Kuchonga mtumbwi kutoka katika gogo moja, kuunda mashua yenye mkuku na mataruma, kuikalafati isivuje, kusuka mikeka, kurina asali, kulima mpunga kwa kufuata kupwa na kujaa kwa maji, yote hayo ni elimu. Kilichokosekana ni cheti cha kuithibitisha na mshahara wa kuitunza.

Pili, tuikumbuke historia, kwa kuwa wazazi wanaosita kumpeleka mtoto katika chuo cha ufundi hawasiti bure. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza Mwafrika afunzwe kilimo na kazi za mikono, kwa mfano wa Tuskegee kule Marekani. Mwaka huo huo ilianzishwa karakana ya kuwafunza Waafrika ufundi huko Kabete. Babu zetu walitazama wakaona kwamba mtoto wa mlowezi hakupewa nyundo, bali kitabu. Wakang'amua kwamba elimu ile, hata kama ilikuwa na manufaa, ilikuwa pia ukuta wa kumzuia Mwafrika asiifikie meza ya uamuzi. Shaka hiyo waliirithisha watoto wao, na mpaka leo ingali hai.

Uhuru ulipopatikana, tatizo likabadilika sura. Shule za msingi zilitoa wahitimu wengi kuliko nafasi za sekondari na za kazi. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilichapisha ripoti iliyouliza kijana afanye nini baada ya shule, na kutokana na fikira hiyo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Jirani zetu wa Tanzania nao, mwaka 1967, walisikia wito wa Mwalimu Julius Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1994 wakaunda kwa sheria mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA. Hapa Kenya mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na nia yake ilikuwa kumfanya kila mtoto ashike randa, sindano na jembe.

Walimu waliokuwapo wakati huo wanakumbuka yaliyotukia. Wazazi waliambiwa wajenge karakana kwa michango yao. Shule za miji na za wenye uwezo zilijenga, lakini shule za pembezoni, ambako karo tu ilikuwa taabu, hazikuweza. Katika shule nyingi mtoto aliichora keekee ubaoni bila kupata kuishika, akajibu maswali ya useremala ilhali hajawahi kukata ubao. Mwaka 2002 mtaala ulipopunguzwa, masomo hayo yaliondolewa au yakapoteza nafasi yake. Wengi husema 8-4-4 ilishindwa kwa sababu Wakenya wanadharau kazi za mikono. Mimi nasema ilishindwa, kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ufundi uliagizwa na karakana haikulipiwa.

Dharau nayo ipo, na haitoki kijijini peke yake. Chukua mfano wa Mombasa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilianzishwa huko taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1972 ikawa Chuo Anuwai cha Mombasa, mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kenya Polytechnic ya Nairobi nayo ikawa chuo kikuu mwaka huo huo. Siwalaumu walioyataka mabadiliko hayo. Lakini tazama maana yake. Chuo cha ufundi kinapopata heshima, heshima yenyewe huwa ni kukiondoa katika ufundi na kukivika joho la shahada. Ni kama kumpongeza nahodha kwa kumpa kazi ya nchi kavu.

Wagombea wenyewe wamefungwa na mkanganyiko huo. Katika kampeni za mwaka 2022, William Ruto aliomba kura za urais kwa ishara ya wilibaro, akisema uchumi ujengwe kuanzia chini, kwa mama mboga, mwendesha bodaboda na fundi. Mahasimu wake waliuliza kwa nini vijana wagawiwe wilibaro badala ya kazi. Hoja hiyo iliigawa nchi, naye akashinda. Hata hivyo, sheria ya uchaguzi iliyotumika mwaka huo ilimtaka kila mgombea wa urais na wa ugavana awe na shahada ya chuo kikuu. Yaani seremala angeweza kusifiwa jukwaani mchana kutwa, lakini hangeweza kulipanda jukwaa hilo kuutafuta ugavana. Mwanafunzi mwerevu huuona mkanganyiko huo kabla hata ya mwalimu wake.

Naona kwamba pande zote mbili katika mabishano ya wilibaro zilishika nusu ya ukweli. Wilibaro si aibu, kwa maana hakuna nyumba iliyojengwa bila kubeba udongo. Lakini chombo bila ujuzi hubakia mzigo, na ujuzi bila mteja huwa njaa yenye cheti. Elimu ya ufundi hukamilika pale chombo, ujuzi na mteja vinapokutana, na hapo ndipo ahadi nyingi za kampeni huishia njiani.

Na Ozi, kwa nini jambo hili ni zito kuliko kwingineko? Kwa sababu riziki ya zamani inapungua. Maji ya chumvi yamepanda mtoni na kuyafikia mashamba, na mpunga na miembe iliyowalisha wazee imekauka. Huko juu mto umezuiwa kwa mabwawa, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mafuriko nayo yanapokuja huja kwa kishindo, kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998, yaliyozibomoa kingo za mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA katika delta hiyo hiyo. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta, wakulima na wafugaji wakigombania ardhi na maji. Siwezi kusema kwamba chuo cha ufundi kingeyazuia mauaji hayo. Nasema tu kwamba kijana ambaye tegemeo lake pekee ni kipande cha ardhi ataona kila mgeni wa ardhi hiyo kuwa adui wa maisha yake.

Kazi, kwa upande mwingine, zipo. Kipini kuna uvuvi unaohitaji mafundi wa injini za mashua, wa majokofu na wa kutengeneza barafu. Vijiji visivyofikiwa na nyaya za umeme vinahitaji mafundi wa paneli za sola. Pampu za maji huharibika. Upande wa kaskazini, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na bandari huhitaji wachomeleaji, mafundi umeme na waendeshaji mitambo. Je, kijana wa Ozi ataiona bandari hiyo akiwa fundi ndani ya lango, au akiwa mpita njia nje ya ua?

Basi mgombea akija, tumpe kiti na kikombe cha chai, kisha tumwulize maswali matano.

La kwanza: kazi hii ni yako? Katiba ya mwaka 2010 imevikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa kaunti. Gavana na wawakilishi wa wadi ndio wanaopanga na kupitisha bajeti yake. Mgombea ubunge au useneta anayeahidi chuo cha kijiji aeleze atapita mlango upi, asije akatuuzia mali ya jirani.

La pili: nani atafundisha? Jengo hujengwa kwa miezi michache na hupendeza pichani. Mwalimu wa ufundi hulipwa kila mwezi kwa miaka 30. Atutajie idadi ya walimu kabla ya idadi ya vyumba.

La tatu: vifaa na malighafi vitatoka wapi mwaka wa pili? Mbao za mazoezi huisha, vyuma huisha, na mashine hudai umeme na vipuri.

La nne: nani atanunua? Tangu mwaka 2013 sera ya serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa nini basi madawati ya shule zetu yatoke mbali, ilhali chuo cha karibu kina vijana wenye misumeno? Kaunti ikitia saini ya kununua madawati, milango na mashua kutoka vyuo vyake, itakuwa imefanya zaidi ya hotuba 100.

La tano, nalo tuliulize kwa adabu: mtoto wako anasoma wapi? Hatumwulizi ili kumwaibisha. Twataka kujua kama anayotushauri ni chakula anachokila, au ni makombo ya meza yake.

Nasi walimu tuna letu la kujibu. Ni nani kati yetu hajawahi kumwambia mwanafunzi kwamba asipojitahidi ataishia chuo cha ufundi? Mwaka 2016, usimamizi wa mitihani ulipokazwa, watahiniwa 88,929 tu ndio waliopata alama ya C+ na zaidi katika KCSE, kati ya zaidi ya 570,000. Waliosalia, mamia ya maelfu, walikuwa wamefunzwa miaka 12 kuiona njia iliyobaki kuwa adhabu. Chuki hiyo tuliipanda sisi kwa ndimi zetu, darasani.

Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi achague mkondo wake anapoingia sekondari ya juu. Uchaguzi ni neno zuri, lakini shule isiyo na karakana haiwezi kutoa mkondo wa ufundi, na mtoto ambaye shule iliyo karibu naye haina ila madaftari hajachagua lolote. Hapo makosa ya 1985 yatarudiwa kwa jina jipya. Mwalimu mkuu, bodi ya shule na wazazi waidai karakana kwa barua na kwa mihutasari ya mikutano, wasingoje jukwaa la siasa.

Tena lipo jambo ambalo halingoji mgombea yeyote. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mzee aundaye mashua, ambaye hajapata kuketi darasani, anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake. Akiwa na cheti, na chuo kikamlipa kama mkufunzi, vijana watajifunza kwake mambo ambayo hayamo vitabuni, naye ataonekana kuwa mwalimu, jina ambalo amelistahili tangu zamani.

Kuna watakaosema kwamba mtoto wa Ozi anastahili kuwa daktari au hakimu, na kwamba kumsifia ufundi ni kumrudisha Kabete ya mwaka 1924. Nawaunga mkono katika nusu ya kwanza. Mtoto huyo anastahili kuwa daktari, na kijiji kinamhitaji. Lakini heshima ni kumfungulia milango yote miwili na kumwacha aingie apendapo, ikiwa kila mlango una chumba nyuma yake. Tunachokataa ni mlango uliochorwa ukutani kwa rangi za kampeni.

Dau la mnyonge, twaambiwa, haliendi joshi. Huenda ni kweli. Lakini Ozi wanajua kwamba dau likiundwa vyema na fundi aliyelipwa, mnyonge naye huvuka mto, na haombi lifti kwa mtu yeyote.