Makro Isifute Anwani ya Mtu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kosa la kukiri na ubishi wa kuanzisha. Ubishi wenyewe ni huu: makro ya Excel inayokagua anwani za barua pepe haifai kuruhusiwa kufuta chochote. Ipake seli rangi, iandike neno pembeni, ikomee hapo.

Miaka mitatu iliyopita mwalimu mmoja mstaafu aliniomba msaada. Alikuwa katibu wa kamati ya basari, na alikuwa na lahajedwali lenye majina zaidi ya elfu moja ya wanafunzi walioomba kusaidiwa karo. Anwani zilikuwa zimechapwa na watu tofauti kutoka kwa fomu za karatasi, na mnajua mwandiko wa watu wenye haraka. Akaniambia, "Kijana wangu, si wewe ndiye ulisomea kompyuta? Nisafishie hii kitu, kesho nataka kutuma barua za mahojiano."

Mimi na digrii yangu nikaona ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa na ruwaza fulani ya kukagua barua pepe niliyoinakili tangu nikiwa chuo, ile ambayo kila mtu anayo na hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Nikaiweka ndani ya makro kwa kutumia VBScript.RegExp, nikaizungusha safumlalo kwa safumlalo, na kila safumlalo iliyokataliwa nikaifuta. Zikaenda 38. Nikamrudishia mwalimu faili safi, akanishukuru, tukanywa chai.

Wiki mbili baadaye mama mmoja alimwendea akiuliza kwa nini mtoto wake hakuitwa, ilhali wenzake waliopeleka fomu siku hiyo hiyo wameitwa. Mwalimu alitafuta jina kwenye lahajedwali akalikosa. Akanipigia simu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Huyu mtoto alienda wapi?"

Bahati yangu, faili asilia lilikuwa bado kwenye barua aliyonitumia mwanzoni. Lisingekuwapo, ingekuwa basi. Wengi hawajui kwamba makro ikishabadilisha seli, Excel husahau orodha ya mambo ya kutengua. Unabonyeza Ctrl+Z mpaka kidole kichoke na hakuna kinachorudi.

Nikakaa na zile 38, moja baada ya nyingine. Kumi na mbili zilikuwa mbovu kweli: hazina alama ya @, au zina nafasi katikati. Zilizobaki 26 zilikuwa nzima kabisa. Nyingi kati yake zilianza na herufi kubwa, kwa sababu simu huweka herufi kubwa mwanzoni bila kuulizwa. Ruwaza yangu ilijua herufi ndogo pekee, na nilisahau kuandika IgnoreCase = True. Uzembe wangu, sina la kujitetea.

Kuna mzazi aliyeandika anwani ya kazini inayoishia na .africa. Kikoa hicho kilifunguliwa kwa umma mwaka 2017. Ruwaza yangu ilidai mwisho wa anwani uwe herufi mbili hadi nne. Yaani .africa yenye herufi sita ilikataliwa na Mwafrika, hapa hapa Afrika. Hata wakati wa .com na .org hiyo sheria ilikuwa mbovu, maana .museum ilikuwapo tangu 2001.

Lakini iliyoniuma zaidi ni ya baba mmoja ambaye seva ya kazini kwao ilimpa anwani yenye jina lake kamili, Ng'ang'a, na vile vibainishi vyake viwili. Nilidhani hiyo haiwezi kuwa halali. Nikafungua RFC 5322, waraka wa mwaka 2008 unaoeleza umbo la anwani, nikakuta kibainishi kinaruhusiwa kabla ya @, pamoja na alama ya kujumlisha na nyingine nyingi. Kampuni nyingi za barua pepe hazitakuruhusu kujisajili nacho, lakini hiyo ni sheria yao ya nyumbani. Kumbe aliyeandika ile ruwaza hakumfikiria Ng'ang'a wala Nyang'au, nami ambaye nimesoma darasa moja na akina Ng'ang'a kadhaa sikuwafikiria pia.

Sasa geuza upande wa pili. Ile ile ruwaza kali ilipitisha anwani ya gmail.con bila kusita. Ingepitisha pia njeri87 mahali pa njeri78, na barua ya mtoto wa watu ikaenda kwa mgeni. Ruwaza hujibu swali moja tu: je, hiki kinafanana na anwani? Kama kuna mtu anayeisoma, hiyo haijui. Njia ya kujua ni kumtumia barua na kungoja ajibu.

Rafiki yangu mmoja wa kazini, naye ni mwanaprogramu, hakubaliani nami. Anasema barua nyingi zikirudi, seva za wengine zitaanza kukuona kama mtuma taka, kwa hivyo kaza kamba mapema. Hoja yake ya kwanza ni kweli. Ila barua zinazorudi ni za kina gmail.con, ambazo kamba yake haizishiki. Anaowanyonga ni kina Ng'ang'a.

Hii ndiyo ninayotumia siku hizi. Ni legevu kwa makusudi:

Function HaliYaAnwani(ByVal s As String) As String
    s = Trim(Replace(s, ChrW(160), " "))
    If s = "" Then
        HaliYaAnwani = "TUPU"
    ElseIf InStr(s, " ") = 0 And s Like "?*@?*.?*" And Not s Like "*@*@*" Then
        HaliYaAnwani = "INAPITA"
    Else
        HaliYaAnwani = "KAGUA"
    End If
End Function

Ile ChrW(160) ni nafasi isiyokatika, ambayo huja ukinakili kutoka kurasa za wavuti. Trim haiigusi, na kwa macho huioni. Utapoteza mchana mzima. Andika =HaliYaAnwani(B2) kwenye safuwima ya pembeni, chuja zenye KAGUA, kisha mtu mwenye macho azipitie. Safuwima ya anwani yenyewe usiiguse.

Nimetumia Like badala ya VBScript.RegExp kwa sababu nyingine pia: mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript inaelekea kuondolewa kwenye Windows, na kwenye Mac haikuwahi kufanya kazi. Ukituma faili lenyewe kwa barua pepe, kumbuka tangu 2022 Office huzuia makro za faili zilizotoka mtandaoni. Msilaumu Microsoft kwa hilo. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilikuwa makro ya Word tu, na kilijituma kwa anwani 50 za kwanza za kila aliyemfungulia mlango.

Kamati ilikubali kupanga siku nyingine ya mahojiano. Niliomba niwapigie simu mwenyewe wote 38, hata wale 12 wenye anwani mbovu, kwa sababu anwani kukosa @ hakumfanyi mtoto kukosa shida ya karo. Yule mama alipokea simu kabla haijalia mara mbili. Watatu sikuwapata: mteja hapatikani kwa sasa, siku nne mfululizo.