Bakteria huyu aingie darasani

Nafundisha baiolojia sekondari. Nikitaja bakteria, wanafunzi hutaja kipindupindu na kifua kikuu, basi. Natamani wamjue pia Marinomonas primoryensis wa Ziwa Ace, Antaktika.

Bakteria huyu hujishikiza chini ya barafu, karibu na juu penye oksijeni, kwa protini ndefu mno: vipande takriban 120 vinavyofanana vimefuatana, na karibu na ncha kuna sehemu inayonasa barafu. Mwaka 2011 maabara ya Peter Davies nchini Kanada ilichapisha umbo la sehemu hiyo. Uzi wa protini umejiviringisha mizunguko 13, na ayoni za kalsiamu zimepangwa mstari upande mmoja. Upande huo ni bapa. Molekuli za maji hutulia juu yake kwa mpangilio unaokaribia ule wa barafu, kisha huganda pamoja nayo. Ondoa kalsiamu, protini haishiki tena.

Tunawakaririsha watoto kwamba umbo la protini huamua kazi yake, wanajibu mtihani, wanasahau. Mfano huu mmoja unawaonyesha jambo lenyewe likitendeka. Waandaaji wa mtaala, nawasihi: tupeni nusu ukurasa na mchoro mmoja.