Mtalii anajua, mchimbaji hajui

Mgeni anayetaka kuja Congo kutembea anajua mapema ataombwa nini: pasipoti, viza na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu 2016, chanjo hiyo moja inakubaliwa kwa maisha yote.

Sasa tuangalie mwenye inchi. Mchimbaji anatoka Masisi kwenda Bisie, kule Walikale. Iko na karte ya uchaguzi, iko na karte ya mchimbaji, yenye sheria ya madini inataka ifanywe upya kila mwaka. Lakini ku bariere bado wanamuuliza: "Uko na nini ingine?" Mwaka 2017, shirika IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariere 798 katika Kivu zote mbili. Hata mama mwenye kubeba mihogo analipa.

Hatukatai kodi ya serikali. Tunaomba liste ibandikwe ku kila bariere: makaratasi gani, franka ngapi. Na mwenye kulipa apewe karatasi yenye muhuri. Kisichoandikwa, kisilipwe.

Mgeni anasoma masharti akiwa bado Ulaya. Sisi tushindwe kuyasoma ku mulango wetu?