Msalaba Usiwe Kisingizio



Wapendwa waamini, yako maneno mema ambayo yakisemwa mahali pasipofaa hugeuka kuwa dhuluma. Mojawapo ni lile tunalopenda kumwambia mgonjwa asiyepona: avumilie, abebe msalaba wake. Juma hili napinga namna tunavyolitumia, kwa kuwa tumelifanya maficho ya uvivu wetu.

Nawasemea wenye ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Mkono hutetemeka, misuli hukakamaa, hatua hufupika, sauti hufifia. Jirani mmoja husema ni uzee. Mwingine hunong'ona kwamba ni uchawi. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa wanaugua nini. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa jirani na hospitali ya KCMC, sisi wa Mpanda, Inyonga na Mishamo tusijidanganye kwamba kwetu ugonjwa huu haupo.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Ipo levodopa, ambayo hupunguza makali, lakini kidonge peke yake hakimfundishi mtu kusimama bila kuanguka. Hapo ndipo fiziotherapia inapohitajika, yaani mazoezi ya viungo yanayoongozwa na mtaalamu: namna ya kuinuka kitini, ya kugeuka kwa kuzunguka polepole, ya kupiga hatua ndefu kwa kuhesabu au kwa kufuata mistari iliyochorwa sakafuni. Mengi ya mazoezi hayo hayadai mashine yoyote. Yanadai mtu aliyesomea kazi hiyo, na yanadai kurudiwa juma baada ya juma.

Sasa tazameni mpango wetu. Zahanati za vijijini hazina mtaalamu huyo. Mzee wa Karema au wa Majimoto huambiwa aende mjini, tena arudi, tena aende. Yule yule anayetetemeka na kuanguka ndiye tunayemtaka apande pikipiki na basi ili afundishwe kutoanguka! Nauli ikiisha, hubaki mkekani, nasi humtembelea na kumhubiria uvumilivu.

Wako watakaosema kwamba kwanza tumalize malaria na vifo vya akina mama wanaojifungua. Nani ameomba kitanda cha mama mzazi? Tunaomba mtaalamu mmoja apangiwe siku za kuzunguka katika vituo vya afya, na wahudumu wa zahanati wafundishwe mazoezi ya msingi. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, gharama yake ni kubwa kuliko ya safari hizo zote. Taifa limekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kadi ya bima isiyomfikisha mgonjwa kwa mtaalamu ni karatasi tu.

Nasi Kanisa tusijitoe lawamani. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyeizuru nchi yetu Septemba 1990, aliugua Parkinson kwa miaka mingi hadi alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Twamsifu kwa uvumilivu wake, na ni haki. Lakini hakuachwa avumilie peke yake: alikuwa na madaktari, na alikuwa na mikono ya kumshika. Kwa nini mzee wa jumuiya yetu apewe mahubiri tu?

Katavi ina mfano wake yenyewe. Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani kisha akakombolewa, alisomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Alikuwa mlei na katekista. Kwake Injili na tiba havikutengana.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo iwatambue wagonjwa wake. Achaguliwe ndugu mmoja wa kila mgonjwa aende kujifunza mazoezi, na nauli yake tuichangie. WAWATA na vijana washike zamu za kutembea na mgonjwa. Halmashauri ya walei ipeleke ombi letu kwa madiwani, tena lisiishie mapokezi.

Mgonjwa wa birikani, katika sura ya 5 ya Injili ya Yohane, alikuwa ameugua miaka 38, na kilio chake kilikuwa kwamba hana mtu wa kumsaidia. Bwana hakumhubiria uvumilivu. Alimwamuru asimame, achukue godoro lake, atembee. Anayewaambia wagonjwa wabaki wamelala, akiwa na uwezo wa kuwainua, asiseme kwamba anamfuata huyo Bwana.

Mungu awabariki.

Paroko wenu