Nani alipiga dramu?

Wiki hii nimepata swali kutoka Tabora ambalo sikutaka lilale kwenye droo. Kijana wa Ng'ambo, miaka yake kama ishirini hivi, anataka kuwa mpiga dramu. Siyo mwimbaji, siyo rapa, siyo wa kubonyeza kompyuta. Dramu! Dingi wake kamjibu kwamba tangu azaliwe hajaona mpiga dramu aliyejenga. Sasa mshkaji anauliza, mzee anamwonea au anamwambia ukweli?

Kabla ya kumjibu nilifanya utafiti wangu wa kijiweni. Niliwakuta wazee watatu wanacheza bao, nikawapigia mluzi kidogo wa "Dada Asha". Wote wakadaka. Mtunzi nani? Shem Karenga, wakajibu kwa pamoja, Tabora Jazz hao, mtindo wao Segere Matata. Nikawachokoza na Kiko Kids. Salum Zahoro, nani asiyemjua! Haya, na yule aliyekuwa nyuma anapiga ngoma? Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akachota kete zake. Nikaona dingi wa Ng'ambo ana pointi.

Lakini ngojeni kwanza. Tabora hiyo hiyo, zamani, mpiga ngoma hakuwa mtu wa nyuma hata kidogo. Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, Novemba 1857, na kitabuni mwake akaeleza jinsi msafara unavyotembea. Mbele kabisa kirangozi na bendera yake nyekundu iliyochakaa. Anayemfuata ni nani? Mtu wa ngoma! Kabla ya wapagazi wa pembe za ndovu, kabla ya wenye nguo na shanga, kabla ya matajiri wenye mali. Ngoma yenyewe siyo kubwa, imebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Kutoka pwani mpaka Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,000 kwa miguu, na mtu mwenye mzigo begani anahitaji kitu cha kumnyanyua mguu. Tumezoea kusema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, lakini Mnyamwezi naye alikuwa na mdundo wa kumsukuma.

Sasa huyu mtu wa mbele alihamishiwaje nyuma? Jukwaa limechangia. Dramu ni rundo la vyombo, halihamishiki, na linapiga kelele, kwa hiyo linasukumwa ukutani. Enzi za kurekodi kwa kipaza sauti kimoja au viwili ilikuwa balaa zaidi, mwenye kelele anakaa mbali, mwimbaji anakaa karibu. Lakini kilichomrudisha nyuma kuliko vyote ni karatasi, na hapo ndipo nataka nimpeleke mshkaji wangu kwa mtu anayeitwa Stewart Copeland.

Msinune, najua ni mbali, lakini huyu bwana aliwahi kuja huku kwetu. Ni Mmarekani, kazaliwa 1952, kakulia Cairo na Beirut kwa sababu baba yake alikuwa jasusi wa CIA. (Dingi huyo naye alikuwa anapuliza tarumbeta, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na kesi kama ya Ng'ambo.) Katikati ya miaka ya 1970 Copeland alikuwa Uingereza na bendi ya Curved Air. Muziki wao ni ule wanaouita progressive rock. Kwa asiyeujua, ni roki ya watu waliokaa darasani. Wimbo unaweza kwenda dakika ishirini, mapigo yanageuka katikati ya safari, wewe umezoea kuhesabu nne wao wanahesabu saba. Mpiga dramu akisinzia kidogo tu bendi nzima inaingia mtaroni.

Na sikilizeni alivyoingia. Mwanzoni hakuchukuliwa kupiga, alichukuliwa kusimamia ziara, kuangalia vyombo vimefika na watu wamefika. Mpagazi, kwa lugha ya Tabora! Mwaka 1975 ndiyo akakalia kiti cha dramu, akarekodi nao albamu mbili, Midnight Wire na Airborne, halafu bendi ikaisha. Angeweza kubaki analia. Badala yake 1977 akaanzisha bendi nyingine, watu watatu tu, The Police. Wimbo wao wa kwanza kwenye sahani, "Fall Out", uliandikwa na nani? Na mpiga dramu. Huyo huyo.

Baadaye yule mpiga besi, Sting, akaonekana ana mkono wa kutunga kuliko wenzake, nyimbo zake zikawa ndizo zinazouza. Ikaja "Every Breath You Take" mwaka 1983, dunia ikachizi. Kwenye karatasi mtunzi ni Sting peke yake. Wale wa rika langu wanakumbuka mwaka 1997 Puff Daddy alipotoka na wimbo wa kumlilia Notorious B.I.G., tukaucheza disko mpaka vumbi likatimka. Lile gitaa linalozunguka humo ndani ni la Andy Summers, yule wa tatu wa Police. Mshiko wa utunzi ukaenda kwa Sting. Mwaka 2025 Copeland na Summers wakaamua liwalo na liwe, wakamfungulia mwenzao kesi Mahakama Kuu ya London kudai mirabaha. Watu waliouza mamilioni ya sahani pamoja! Wazee wa bao kijiweni wasingeshangaa.

Huku kwetu alifikaje? Mwaka 1984 Police walipumzika, Copeland akachukua kamera na watu wake akaja Afrika kutafuta, eti, chimbuko la mdundo. Alipita Tanzania, Kenya, Burundi, Zaire na Kongo Brazzaville, na 1985 ikatoka filamu na albamu, The Rhythmatist, akishirikiana na Ray Lema wa Zaire. Filamu ina vituko. Kuna mahali yumo ndani ya kizimba na dramu zake anapiga, nje simba wanazunguka. Mimi nilicheka sana. Mtu anatafuta mdundo kwa simba wakati Burundi kuna watu wana ngoma kubwa kuliko pipa, na kwa lugha yao ingoma ni ngoma na vilevile ni ufalme! Hata Unyamwezi ngoma ilikuwa mali ya mtemi, haikupigwa ovyo. Lakini namsifu kwa jambo moja, albamu ile alikuwa ameishika mwenyewe, hakungoja mtu amtungie.

Na ndivyo alivyopona. Police waliposambaa yeye alikuwa ameshaanza kutunga muziki wa sinema: Rumble Fish mwaka 1983, Wall Street 1987. Mliokuwa mnacheza gemu la Spyro, lile la joka dogo la zambarau la mwaka 1998, muziki ule ni wake. Watoto wamecheza gemu miaka na miaka hawajui kwamba wanamsikiliza mpiga dramu. Mwenzake wa fani, Phil Collins wa Genesis, alipita mlango mwingine. Mwimbaji wao Peter Gabriel alipoondoka 1975, Phil akasogea mbele akashika kipaza sauti. (Gabriel naye ndiye mwenye lebo ya Real World iliyomrekodi Remmy Ongala wetu, Songs for the Poor Man, mwaka 1989. Dunia ndogo.)

Turudi nyumbani. Miaka ya bendi za mashirika mpiga dramu alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki alipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Mshahara siyo haba, lakini vyombo siyo vyake. Bendi za watu binafsi nazo zina mtu anaitwa mwenye vyombo, na mkigombana naye mpiga gitaa anaweza kuondoka na gitaa la kuazima, mpiga dramu anaondoka na vijiti viwili mfukoni. Tena ajabu, bendi zenyewe zinajisifia kwa majina ya ngoma! Msondo ni ngoma. Sikinde ni ngoma. Jina la ngoma liko kwenye bango, jina la mpigaji halipo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Ng'ambo, dingi wako hajakuonea, ila amekupa nusu ya habari. Sheria tunayo tangu 1999, inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na watu wengi wanasoma neno la kwanza tu. Hakimiliki ni ya aliyetunga. Hakishiriki inamgusa aliyepiga na kuimba. COSOTA wapo kwa mambo hayo. Mkiingia studio, kabla hamjapiga hata sahani moja, andikeni karatasi: nani katunga, nani kapanga mapigo, nani kapiga nini, kila mtu asaini. Washkaji watakuona mnoko. Acha wakuone mnoko. Ukibuni mapigo yanayoufanya wimbo uwe wimbo, sema siku hiyo hiyo, usisubiri miaka arobaini halafu utafute wakili. Na jifunze gitaa au kinanda angalau kidogo, maana kutunga kwa vijiti vitupu ni kazi ya shurba.

Mazoezi je? Ukumbi wenye dansi la kila wiki siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi, na mdundo mwingi wa redioni unatoka kwenye kompyuta. Dramu za kweli nyingi ziko makanisani. Nenda siku ya mazoezi ya kwaya, siyo Jumapili, Jumapili watakunyima nafasi. Ukiwa Mwislamu usione haya, wapige stori tu, watu wa kwaya hawana noma, mradi uwasaidie kubeba spika. Umesikia Copeland naye alianzia kwenye mizigo.

Mzee naye mwambie, bila kumjibu vibaya, kwamba kwenye njia inayopita mlangoni kwake, kutoka pwani kwenda Ujiji, mtu wa ngoma alikuwa wa pili kutoka mbele. Akikataa kuamini niandikie tena, nitamtafutia ukurasa wenyewe wa Burton.