Kabla ya dawa, uliza basi humpitia saa ngapi

Je, mwanao huamka saa ngapi? Nikiwauliza wazazi swali hili katika kliniki yangu hapa Eldoret, wengi hucheka kidogo kabla ya kujibu.

Juzi mama mmoja aliniletea mtoto wa Gredi ya 3 akitaka apimwe malaria. Kichwa kilimuuma kila siku, na mwalimu alikuwa amelalamika kwamba husinzia darasani. Malaria hakuwa nayo, damu ilitosha, macho yalikuwa sawa. Lakini basi la shule lilimchukua kule Langas saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri.

Hebu fanya hesabu nami, msomaji. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Huyu aliamshwa saa kumi na dakika arobaini, hivyo alipaswa kuwa usingizini kabla ya saa mbili usiku. Atawezaje? Hushushwa saa kumi na mbili jioni, aoge, ale, amalize kazi ya ziada. Alikuwa akilala saa tatu na nusu. Ni saa saba na ushei tu.

Usidhani ni sheria inayomwamsha. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Shida ni kwamba shule ina basi moja na mitaa mingi. Dereva huzoa wa Langas, akawashusha, akarudi kuchukua wa Kapsoya, kisha Elgon View. Wale wa raundi ya kwanza hungoja shuleni zaidi ya saa nzima, na baridi ya Eldoret mwaijua. Tangu 2017 sheria inataka basi la shule liwe la manjano. Rangi tunaikagua, saa hatuiulizi.

Raundi zinaweza kubadilishwa kila muhula, ili mtaa mmoja usiumie mwaka mzima. Watoto wa ploti jirani wanaweza kukusanyika kituo kimoja, mzazi mmoja akiwalinda, badala ya basi kupiga honi kila lango. Kule Seattle mwaka 2016 walipanga upya saa za shule na mabasi, sekondari zikaanza saa tatu kasorobo badala ya saa mbili kasoro dakika kumi. Watafiti walikuta wanafunzi wakilala dakika 34 zaidi. Wazazi waliohofia kwamba vijana wangekesha zaidi walikosea.

Mtoto yule sikumpa dawa. Nilimwandikia mwalimu mkuu barua, akahamishiwa raundi ya pili, na mama akakubali kumfikisha kituoni mwenyewe.

Ila kama wako analala saa za kutosha na bado anasinzia, au anakoroma kila usiku, mlete tumtazame koo na pua.