Hita ya Maji: Lita Ngapi Zatosha Nyumba Yako?

Majira ya kipupwe yaingiapo, jamaa zetu wa Njombe, Mbeya na Iringa huanza kuulizia bei za hita za maji ya kuoga. Aghalabu hununua tangi kubwa kuliko yote dukani, wakidhani kwamba kikubwa ndicho bora. Yafaa, ndugu msomaji, kuhesabu kabla ya kutoa fedha.

Anza na namna mnavyooga. Maji ya kuoga huwa ya nyuzi 40 hivi, na tangi huyapasha hadi 60. Ikiwa maji ya bomba yana nyuzi 18, ndoo ya lita 20 huchukua takriban lita 10 za moto. Zilizobaki ni za baridi. Watu wanne waogao kwa ndoo asubuhi hutumia basi lita 40, na tangi la 50 lawatosha, kwa kuwa maji baridi huingia kila ya moto yatokapo, na si lita zote zifaazo. Bomba la mvua ni mambo mengine. Likitoa lita 8 kwa dakika, kila mtu kwa dakika 5 amemaliza lita 40, nusu yake ya moto. Hao wanne sasa wanahitaji tangi la lita 100. Waogao jioni usiwahesabu pamoja na wa asubuhi.

Kupasha lita 50 hula uniti 2 na nusu za umeme. Lita 100 hula 5. Maji yasiyotumika nayo hupoa, yakapashwa tena, na LUKU haimhurumii mtu. Wengi huogopa hita ya kilowati 3 kuliko ya 1.5, na hofu hiyo haina msingi: uniti ni zile zile, ila ya kwanza humaliza kazi kwa dakika 50 na ya pili kwa saa moja na dakika 40. Hata hivyo, ile ya kilowati 3 ivutiwe waya wake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, tena waya mnene. Fundi asemaye waya wa ethi si lazima, mwage na umtafute mwingine.

Tangi la lita 100 likijaa, maji peke yake yana kilo 100. Ukuta wa matofali yenye matundu usiupachike mzigo huo bila kuukagua.

Na penye watoto, maji baridi yatangulie ndooni, ya moto yafuate. Nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache.